Papa Marcellin na Majina Ndani ya Wimbo

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, Papa Marcellin Kalonda anastaafu baada ya kuitumikia Redio Tujenge Kusini, hapa Kasongo, kwa miaka ishirini na miwili. Mkurugenzi ameniomba mimi, Naomie, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe, uwe mfupi na wenye furaha. Furaha ipo. Ufupi sina hakika nao, maana tangu juzi naandika na kufuta. Kuanzia Jumamosi kipindi chake kinakuwa changu, na roho yangu haitulii.

Papa Marcellin alizaliwa hapahapa, katika familia ya wakulima wa mpunga wa kabila la Wazimba. Ujanani alipiga gitaa la besi katika orkesta iliyocheza kwenye harusi za Wakristo na za Waislamu, na hadi leo kuna akina mama wazima mjini wanaomwita Besi. Redio yetu ilipofunguliwa alikuja kuomba kazi ya kuunganisha waya. Akaipata. Wiki chache baadaye mtangazaji akaumwa malaria, Papa Marcellin akaketi mbele ya maikrofoni kumshikia nafasi, na yule mtangazaji alipopona hakukuta kiti.

Kazi yake kubwa imekuwa kipindi cha Masikio ya Jumamosi. Kila wiki anapiga nyimbo za zamani, kisha anapiga wimbo mmoja mpya na kuutolea hukumu. Hukumu yenyewe tunaijua wote: muziki umeshuka. Zamani, husema, magitaa yalikuwa yakiongea na kujibizana. Siku hizi mashine inapiga ngoma peke yake na kijana anarudia neno moja kama mtu anayeita kuku. Lakini kinachomchemsha damu zaidi ni libanga, ile desturi ya mwimbaji kurusha majina ya matajiri katikati ya wimbo ili wamkumbuke mfukoni. Kwake yeye, wimbo wenye majina mengi ni ukuta wa matangazo.

Heshima yake kwa gitaa haina mfano. Yeyote aliyethubutu kukata sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hubaki peke yao, ili kusoma tangazo alikuwa na kesi naye. Siku moja mwenye mbuzi aliyepotea alileta tangazo lake mbio, akaambiwa asubiri gitaa limalize. Gitaa halikuwa na haraka. Tangazo liliposomwa hatimaye, mbuzi alikuwa amesharudi nyumbani mwenyewe, na mwenye mbuzi akaja kuulizia kama anaweza kurudishiwa malipo yake. Papa Marcellin alimjibu kwamba mbuzi amerudi kwa kusikia gitaa.

Vijana wamepambana naye miaka yote. Blaise, dereva wa pikipiki wa hapo sokoni, hupiga simu karibu kila Jumamosi kumwambia kwamba miziki yake ni ya kulazia watoto. Nami nilikuwa upande wa Blaise. Nilipoajiriwa niliapa kwamba nitamtafutia mzee huyu nyimbo mpya hadi akubali kushindwa. Niseme ukweli, kwa sababu unanikosesha raha: wiki nyingi nimetafuta na nikatoka mikono mitupu. Nyimbo zinazotufikia ni majina matupu ya madiwani na ya wanunuzi wa dhahabu, mistari miwili ya mapenzi katikati. Sijui kama muziki umeshuka kweli au ni sisi tunaoletewa makapi. Nilimuuliza mzee, akacheka tu.

Sasa nifike pale ambapo Mkurugenzi angependa nisifike. Miaka minne iliyopita, wakati wa mvua, Atumani wa pikipiki alituletea kutoka Kabambare kadi ya simu yenye wimbo wa msichana wa Lusangi, hukohuko Kabambare, aitwaye Malaika. Mwanzo ulikuwa ngoma ya kompyuta na maneno ya Kibangubangu, lugha ambayo Papa Marcellin haisikii. Akaruka mwanzo. Baada ya hapo yakafuata majina, jina juu ya jina, Serge, Rachelle, Baraka, na mengine mengi. Papa Marcellin aliuzima wimbo katikati na kucheka hewani. Alisema binti huyu ameuza wimbo wote, hakubakiza hata kiitikio, akawauliza wasikilizaji matajiri hao walilipa ngapi. Hapa studio tulicheka sote, mimi nikiwa wa kwanza.

Simu iliyoingia ilikuwa ya Mama Hawa, mwenye duka kule Kabambare. Hakupandisha sauti.

“Papa, hawa wote njo wenye shimo la dhahabu liliwafunika kule Lusangi. Serge ni kaka yake. Mule ndani hakuna tajiri hata mumoja.”

Yale maneno ya Kibangubangu aliyoyaruka yalikuwa yanasema hivyo hivyo: udongo umeanguka, njooni niwatajie niliowapoteza. Mtu yeyote wa Kabambare angejua kwamba huo ni wimbo wa matanga. Sisi wa Kasongo tumezoea libanga kiasi kwamba tukisikia majina yamefuatana masikio yanaanza kuhesabu noti. Redio yetu ilikuwa imewacheka wafu, na waliofiwa walikuwa wakisikiliza.

Mkurugenzi alipendekeza tangazo la kuomba radhi, lisomwe mara tatu kwa siku. Papa Marcellin alikataa.

“Nilichekea ku redio, lakini wao wanalilia ku nyumba,” alisema. “Ntaenda ku nyumba.”

Tulimwambia barabara imekufa, umri wake si wa kukaa nyuma ya pikipiki kwenye matope yale, na kwamba watu wenye uchungu wanaweza kumpokea kwa fimbo. Nililia kwa hofu, sioni haya kulisema. Alfajiri ya Jumapili alipanda nyuma ya Atumani, wakaenda wakisukuma pikipiki zaidi ya kuipanda. Atumani ndiye aliyetusimulia yaliyobaki. Walipofika Lusangi hakuna aliyewapa kiti. Papa Marcellin aliketi chini, nje ya uzio wa Mama Emilienne, mama yake Malaika, akabaki pale mvua ikimnyeshea na watu wakimpita. Kesho yake Mama Emilienne alimwita aingie. Papa Marcellin alimwomba Malaika amwimbie wimbo tangu mwanzo, bila mashine, na kwa kila jina amweleze lilikuwa la mtu gani. Huyu alikuwa fundi wa kuchekesha, huyu alikuwa ametoka kuoa. Siku nzima ikaisha hivyo.

Jumamosi iliyofuata aliupiga wimbo wote hewani, ngoma ya kompyuta na yote. Kisha alitaja majina yale yeye mwenyewe, polepole, pamoja na habari ya kila mmoja. Siku hiyo hakuna aliyepiga simu, hata Blaise.

Nilidhani sasa nimeshinda, kwamba mzee atakiri vijana wanajua kuimba. Wapi! Baada ya wiki mbili alikuwa amerudi palepale: muziki umeshuka, mashine inaua gitaa, libanga ni ugonjwa. Tofauti ilikuwa kwamba hakuzima tena wimbo wowote kabla haujaisha, hata ule mbovu kabisa, na kama una lugha asiyoijua alimtafuta mwenye lugha akae naye. Amesikiliza takataka nyingi mno kwa ajili ya kanuni hiyo, maskini, akikunja uso hadi mwisho. Mimi bado sijui nani kati yetu alikuwa na haki. Ndiyo maana nakiogopa kiti chake.

Wiki iliyopita Atumani alileta tena kadi kutoka Lusangi. Malaika ametunga wimbo mpya kwa ajili ya sherehe hii, na ndani yake, mara tatu, amerusha jina la Marcellin Kalonda. Mstaafu wetu alisikiliza hadi mwisho, kama kawaida yake, kisha akaja juu.

“Mimi sijakufa, na feza sina. Jina yangu inatafuta nini mule?”

Akaniagiza nisiupige kamwe. Nikampigia Malaika kumpa ujumbe, naye akanituma tena kwa mzee.

“Mumwambie hatuimbi jina yake juu amekufa wala juu ya feza. Tulikuwa na matanga, yeye akakuya ku nyumba yetu. Njo maana.”

Nilimfikishia. Alivua miwani, akatoka nje kuangalia jenereta, ambayo siku hiyo haikuwa na tatizo lolote.

Papa Marcellin, redio nzima inakushukuru kwa masikio yako, na kwa makelele yako pia. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana na mpunga mwingi. Kuhusu agizo lako la mwisho, utusamehe: Jumamosi nitaupiga wimbo wa Malaika tangu mwanzo, na sitaukata.