Mashuka Kila Siku Kambani

GANIX: Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?

MADDALEN: Nani mwenzako! Jina langu si linaonekana hapo kwenye simu? Vaa miwani, Ganix.

GANIX: Ah, Maddalen! Jirani! Habari za mjini Baiona? Mguu unaendeleaje?

MADDALEN: Mguu uko palepale ulipovunjika. Nimewekwa ghorofa ya nne kama chungu cha maua. Sikiliza, Kattalin ametoka kununua mkate, nina dakika chache kabla binti yangu hajarudi kunipangia maisha. Vifaranga wangu wazima?

GANIX: Wazima, wazima. Wazima kabisa.

MADDALEN: Mara tatu?

GANIX: Mara tatu nini?

MADDALEN: Umesema wazima mara tatu. Mwenye bata wazima husema mara moja.

GANIX: [anacheka kidogo] Mama wee, umeanza. Hata salamu hazijapoa.

MADDALEN: Wako wangapi?

GANIX: Haloo? Nakusikia kwa mbali... mtandao huku—

MADDALEN: Nimeuliza wako wangapi! Nilikuachia kumi na wanne.

GANIX: Kumi na watatu.

MADDALEN: Yule mmoja?

GANIX: Jumamosi. Alikuwa mdogo kuliko wenzake, Maddalen. Hata wewe ulisema hatafika mbali.

MADDALEN: Mimi nilisema hivyo ili nisimpende. Alikufa na nini?

GANIX: Alikufa tu.

MADDALEN: Bata hafi tu! Alilowa?

GANIX: Sijui... kidogo.

MADDALEN: Kidogo! Hawa hawana mama, Ganix. Mama ndiye anayewapaka mafuta kwenye manyoya. Hao wangu wakilowa ni kama wewe ukilowa na sweta ya sufu na kulala nayo. Umewawekea beseni la kuogelea? Sema ukweli. Uliwaonea huruma, ukawawekea beseni.

GANIX: Sikuweka beseni! Maji wanakunywa kwenye kile chombo chako, juu ya wavu, trei chini. Kama ulivyosema. Mdomo unaingia, mwili hauingii.

MADDALEN: Na matandiko unabadilisha mara ngapi?

GANIX: Kila asubuhi. Na jioni naangalia.

MADDALEN: Unabadilisha na nini?

GANIX: Na... na kangaga, yale majani makavu. Kama kawaida. Ile uliyoikata vuli.

MADDALEN: Ipo ya kutosha?

GANIX: Tele.

MADDALEN: Mh.

GANIX: Mh nini tena?

MADDALEN: Graxi kanipigia jana.

GANIX: Graxi gani? Wa gari la mkate? Yule mdomo wake haujawahi kupiga breki.

MADDALEN: Huyohuyo. Anasema kila siku akipita kwako anakuta mashuka kambani. Kila siku, Ganix! Mwanamume aliye peke yake miaka minne, anayevaa shati moja toka Jumatatu hadi Misa, leo anaanika mashuka kila siku ya Mungu.

GANIX: Usafi nao umekuwa dhambi?

MADDALEN: Tena si mashuka ya kiume. Graxi ameyaona vizuri. Ya kitani, yamedariziwa herufi nyekundu pembeni. Na dukani umenunua sabuni makopo matatu kwa wiki moja.

GANIX: Anahesabu na sabuni? Aniache jamani!

MADDALEN: Nani huyo?

GANIX: Nani nani?

MADDALEN: Huyo mwanamke. Usinizungushe. Umeweka mtu ndani, sawa, mke wako Terexa alishatangulia, wewe ni mtu mzima, sina neno. Lakini kama unashinda ukimstarehesha mgeni wako na bata wangu wanakaa kwenye matope, hapo tuna kesi mimi na wewe.

GANIX: Hakuna mwanamke, Maddalen! Miaka sabini na moja hii, na magoti haya?

MADDALEN: Magoti, enhe. Vizuri umeyataja. Uko wapi sasa hivi?

GANIX: Niko... na bata.

MADDALEN: Kwenye chumba changu cha tanuri, nilikowaacha?

GANIX: Ndiyo. Si unawasikia?

[Milio ya vifaranga, karibu.]

MADDALEN: Nawasikia. Sasa piga goti.

GANIX: Nifanye nini?

MADDALEN: Piga goti kwenye matandiko. Mama yangu alitufundisha hivyo. Unapiga goti, unahesabu hadi ishirini. Suruali ikitoka kavu, vifaranga wamelala pakavu. Ikitoka imelowa, unatoa kila kitu nje, hata kama ni jana tu umebadilisha. Haya. Nasubiri.

GANIX: Maddalen, nikishuka sijui nitanyanyuka vipi—

MADDALEN: Chini!

[Anaguna. Mbao zinalia.]

GANIX: Haya, nimepiga. Moja, mbili, tatu... nne—

MADDALEN: Acha kuhesabu.

GANIX: Si umeniambia hadi ishirini?

MADDALEN: Nimesema acha. Kitu gani kimelia hapo?

GANIX: Goti langu.

MADDALEN: Goti lako halina misumari. Hizo ni mbao, Ganix. Chumba changu cha tanuri kina sakafu ya mawe toka enzi za babu yangu. Umekanyaga mbao.

[Mkwaruzo wa mtandao.]

GANIX: Haloo? Haloo, unakatika—

MADDALEN: Sikatiki. Bata wangu wako wapi?

GANIX: Wako salama.

MADDALEN: Sijauliza kama wako salama, nimeuliza wako wapi! Ah, sasa nimeelewa. Miaka mitatu iliyopita ulikuja kuniomba mayai ya bata hawa, nikakunyima. Nikakwambia damu hii haitoki nyumbani kwetu. Ukaweka moyoni. Leo nimevunjika mguu, umewabeba wote.

GANIX: Maddalen, unasema maneno makubwa.

MADDALEN: Wewe ndiye jirani yangu wa kwanza! Ukuta wako ndio unaotazamana na wangu. Siku nikifa, wewe ndiye utakayeitwa kabla ya padri, wewe ndiye utakayebeba msalaba mbele ya jeneza langu. Nitakuamini vipi na jeneza, kama siwezi kukuamini na bata kumi na wanne?

GANIX: Kumi na watatu.

MADDALEN: Usinirekebishe! Unajua Kattalin ananiambia nini hapa kila asubuhi? "Mama, unarudi kijijini kufanya nini?" Nami nina jibu moja tu la kumpa: bata wangu. Basi. Kondoo tuliuza, mume nilizika. Hawa wakifa, au wakihamia kwako, nitamjibu nini? Nitafia hapa, natazama maegesho ya magari. Umenielewa? Unashika roho yangu hapo.

[Vifaranga wanalia.]

GANIX: Nimekuelewa.

MADDALEN: Basi sema.

GANIX: Mvua imenyesha siku tisa, Maddalen. Alhamisi iliyopita vigae viliteleza juu ya chumba chako cha tanuri. Nilipokuja asubuhi, maji yalikuwa yamefika hapa, juu kidogo ya kisigino. Wamejibana wote kwenye kona moja juu ya kuni, wanatetemeka.

MADDALEN: Ee Mungu wangu.

GANIX: Niliwabeba kwenye koti. Safari mbili. Yule mdogo alikuwa ameshapoa, nikamweka hata kifuani. Alivumilia mpaka Jumamosi.

MADDALEN: Kwa nini hukunipigia?

GANIX: Haloo? Mtandao—

MADDALEN: Mtandao uko sawa! Kwa nini hukunipigia siku hiyohiyo?

GANIX: Nilingoja yule mdogo apone kwanza. Kisha Kattalin akapita Jumapili.

MADDALEN: Alipita wapi? Jumapili aliniambia anakwenda kwa mkwewe.

GANIX: Basi labda alipitia huku njiani.

MADDALEN: Aliona paa?

GANIX: Aliliona.

MADDALEN: Akasema nini?

GANIX: Alisema una presha. Usipewe mishtuko.

MADDALEN: Na nini kingine?

GANIX: Ni mtoto wako, Maddalen. Mimi siwezi kukaa katikati.

MADDALEN: Alikwambia uwagawe.

[Kimya.]

MADDALEN: Alikwambia uwagawe bata, ili nisiwe na cha kurudia. Sema ndiyo au sema hapana.

GANIX: Sikuwagawa.

MADDALEN: [sauti inashuka] Hukuwagawa.

GANIX: Ningewagawa vipi? Uliniachia mimi.

MADDALEN: Sasa... uko nao wapi? Jikoni kwako kuna baridi kama mtoni. Zizini panavuja kuliko kwangu.

GANIX: Ndiyo hivyo. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta pakavu. Pakavu ni mahali pamoja tu. Juu, nyuma ya bomba la moshi. Pana mbao.

MADDALEN: Ganix.

GANIX: Ee.

MADDALEN: Hicho si chumba cha Terexa?

GANIX: Ndicho.

[Vifaranga peke yao.]

MADDALEN: Si hata wanao huwaruhusu kuingia humo.

GANIX: Wanangu hawafi kwa unyevu.

MADDALEN: Na yale mashuka...

GANIX: Kangaga yako iliyobaki ililowa yote. Ya kwangu ina ukungu, nikiinusa tu napiga chafya, nikasema hiyo itawaziba mapafu. Nikajaribu magazeti, wakawa wanateleza, miguu inapanuka huku na huku. Basi nikafungua sanduku la Terexa. Yale mashuka ya harusi. Kitani kizito, hakitelezi, kinanyonya. Asubuhi naondoa hili, natandika lile. Nakung'uta, nafua, naanika mvua ikipumzika, namalizia mbele ya moto. Bata wananya, Maddalen! Hujawahi kuniambia wananya hivi!

MADDALEN: [anacheka, kisha anaacha] Kumbe ndiye mwanamke mwenyewe wa Graxi.

GANIX: Mwache Graxi aendelee. Nina sifa kijijini sasa.

MADDALEN: Nisamehe.

GANIX: Nini? Hapa mtandao ni wa kubahatisha, kuta nene—

MADDALEN: Umesikia. Sirudii. Hilo goti umeshaliinua?

GANIX: Bado niko chini.

MADDALEN: Suruali ikoje?

GANIX: Kavu. Kavu kabisa. Ila...

MADDALEN: Ila nini? Usianze tena.

GANIX: Wawili wanapiga chafya tangu jana. Chini ni pakavu, naapa. Lakini ukuta unatoka jasho. Vioo vinatiririka. Taa ya joto, pumzi zao, maji yao, vyote vinabaki humu humu. Nimepanguza na taulo, baada ya saa moja hali ni ileile.

MADDALEN: Dirisha umefungua kiasi gani?

[Kimya.]

MADDALEN: Ganix. Dirisha.

GANIX: Halijafunguliwa.

MADDALEN: Tangu Alhamisi?

GANIX: Tangu siku ile.

MADDALEN: [polepole] Siku ile nililifunga mimi.

GANIX: Najua. Ulimwosha, ukamvisha, ukafunga mbao za dirisha, ukanishika mkono ukanitoa. Sijaligusa. Hewa iliyo humu... sijui nikwambieje. Ni ileile aliyoiacha.

MADDALEN: Hakuna hewa ya Terexa hapo, rafiki yangu. Kuna hewa ya bata.

GANIX: [anacheka kwa pua] Hilo nalo kweli.

MADDALEN: Usiku wa leo hao wawili watakuwa wanne. Keshokutwa hutakuwa na bata wa kuwafulia mashuka. Simama.

GANIX: Siwezi, Maddalen.

MADDALEN: Goti?

GANIX: Si goti.

MADDALEN: Nisikilize. Nililifunga kwa sababu mimi ni jirani yako wa kwanza, ilikuwa kazi yangu. Basi kulifungua nako ni kazi yangu, na mimi sina mguu. Nikopeshe mkono wako. Simama, shika kitanda.

[Anaguna. Mbao zinalia. Hatua tatu.]

GANIX: Komeo limeshika kutu.

MADDALEN: Ligonge na kiganja, kwa chini.

[Pigo moja. La pili.]

MADDALEN: Taa ya joto isogeze kwanza, upepo usiwapige moja kwa moja. Fungua juu tu, upana wa mkono.

GANIX: Subiri... subiri... linakuja—

[Bawaba zinalia kwa muda mrefu. Mto unasikika kwa mbali, na kengele za kondoo.]

MADDALEN: Ganix?

[Kimya.]

MADDALEN: Ganix, upo?

GANIX: Nipo.

MADDALEN: Sasa nakusikia vizuri.

GANIX: Mtandao umekuja wote. [anavuta pumzi] Nyumba yako inaonekana hapa, Maddalen. Nilikuwa nimesahau. Terexa alikuwa akikuona ukianika nguo.

MADDALEN: Nami nilikuwa nikimwona. Vifaranga wanafanyaje?

GANIX: Wamenyoosha shingo wote. Wanatazama.

MADDALEN: Liache hivyo mpaka jua lishuke, kesho tena. Na fundi wa vigae umempata?

GANIX: Kesho anakuja. Ila Kattalin alisema nyumba ifungwe, nisi—

MADDALEN: [ghafla, kwa sauti ya juu] Ndiyo, ndiyo! Hapa mvua imekatika!

GANIX: Amerudi?

MADDALEN: Sana! Mguu unaendelea vizuri sana! [kwa mnong'ono] Jumamosi kuna basi la saa nne. Uje kituoni na gari. Magongo yangu hayapendi kupanda mlima.

GANIX: Na Kattalin je?

MADDALEN: Leo nitakula naye mkate. Kisha nitamuuliza habari za mkwewe.

GANIX: Mungu akusaidie.

MADDALEN: Amsaidie yeye! [kwa sauti ya juu] Haya, msalimie— ... wasalimie huko kwako.

GANIX: Nitawasalimia. Wote.

MADDALEN: Na hilo shuka la leo, Ganix, usilianike nyuma. Lianike mbele, Graxi alione vizuri. Haya, kwaheri, kwaheri, anakuja—