Nani Anakwenda na Naibu Waziri?

Kijiwe cha Niranjan na wenzake pale Patan, mji wa kale wa Nepali, ni kibaraza cha zamani kando ya mabomba ya mawe wanakoteka maji akina mama, na Thuli Maya ndiye anayewachemshia chai ya maziwa na tangawizi. Jumamosi ile ofisi za serikali zilikuwa zimefungwa, lakini Niranjan alikuja na kazi yake kichwani. Alikuwa ofisa wa itifaki, na kijiweni jina lake lilikuwa hilohilo, Itifaki. Naibu Waziri wa Kazi alikuwa anakwenda kuwaona Wanepali waliokwama kwenye kambi za ujenzi, katika nchi ambayo redio haikuitaja siku hizi bila kutaja risasi. Ziara nzima ilikuwa mikononi mwa Niranjan.

Kibali cha ndege kutua kilishapatikana. Hoteli yenye milango miwili ya kutokea ilishapatikana, na daktari alishaambiwa afungashe dawa. Kilichomkosesha usingizi ni jibu la wenyeji: walinzi karibuni, bastola zibaki uwanja wa ndege.

Purna Lal aliposikia hivyo akaweka glasi chini. Huyo ndiye Jenerali. Jeshini alikuwa mpishi, akawapikia walinda amani kule Lebanoni, na tangu arudi hakuna vita asiyoijua.

— Bastola ya nini? Kosa lenu mnamweka mkubwa kwenye gari linalong'aa. Mpakie kwenye gari la vitunguu. Nimekaa Lebanoni mimi, sijaona mtu akilipiga risasi gari la vitunguu.

— Ungeona saa ngapi, nawe ulikuwa unavimenya?

Aliyeuliza ni Dev Ratna, Mnajimu, mpanga saa za harusi za nusu ya mtaa. Yeye gari halikumsumbua. Kilichomsumbua ni Jumanne, siku mbaya kwa anayeelekea magharibi. Niranjan akamweleza kwamba tarehe imeshakubaliwa na serikali mbili, haisogei. Basi, akasema Mnajimu, begi la Naibu Waziri litolewe nyumbani Alhamisi, siku njema, lilale kwa jirani, na safari itahesabika imeanza.

— Lilale kwa nani?

— Hata kwangu.

— Likilala kwako litaamka jepesi, alisema Jenerali.

Kutoka hapo mambo yakapaa. Jenerali akakumbuka kwamba Gopi muuza nyama anafanana na Naibu Waziri, ukimtazama ubavuni. Anyolewe, avikwe koti, akae gari la mbele apunge mkono. Mnajimu akapinga, nyota za Gopi mwezi huu haziruhusu hata kuvuka barabara. Thuli Maya akauliza mbuzi wa sikukuu ya Dashain watachinjwa na nani. Wakabishana kama Gopi atasoma hotuba au atajifanya koo limekauka, na Niranjan akacheka hadi chai ikamwagika magotini. Wiki nzima hakuwa amecheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomvuta Gyanu, mkewe, aliyekuwa anatoka hekaluni na sahani yake ya maua. Hakuwa na desturi ya kusimama pale.

— Karibu, shemeji, alisema Jenerali. Tunamlinda Naibu Waziri.

Akasimuliwa yote, vitunguu, begi na Gopi. Akasikiliza akitabasamu, kisha akauliza:

— Na nani anakwenda naye?

Jenerali akaanza kuichunguza glasi yake. Thuli Maya akakoroga chai isiyohitaji kukorogwa. Wote walijua. Niranjan aliwaambia Jumatano, akawaomba jambo hilo lisifike nyumbani kwake mpaka apate namna ya kulisema. Sasa Niranjan akamgeukia mkewe.

— Mimi, Mama Ashwin. Tena namtangulia, nikakague njia.

— Peke yako?

— Peke yangu.

Akamweleza alichoshindwa kukieleza siku zote hizo. Kuna kijana wa wilaya ya Dolakha kwenye zile kambi, anampigia simu ofisini kila jioni. Hana jipya la kusema. Anataka tu kusikia mtu akimwitikia kwa Kinepali.

— Nimemwambia nakuja, alisema Niranjan.

Gyanu akaketi pembeni mwa mumewe, akapakata sahani ya maua.

— Haya, anzeni upya, aliwaambia. Huyo Naibu Waziri ana watu wake. Nipangieni huyu.

Jenerali akajikohoza. Safari hii alisema polepole, kama mtu anayekumbuka. Alale chumba kisichotazama barabara. Viatu viwe karibu na kitanda. Ajaze maji ndoo kila jioni, na asiondoke popote bila mtu mmoja kujua anakokwenda. Mnajimu alikuwa anahesabu nyota za Niranjan kwenye vidole, na alipofika mwisho alizihesabu tena.

Thuli Maya akainamisha sufuria na kusema chai imekwisha, anafunga.

— Bandika nyingine, dada, alisema Gyanu. Hawajamaliza.