Muuaji wa Mkesha Amekaa Mstari wa Mbele

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; ndugu mwenye ukumbi huu; wazee wenzangu mliopanda zile ngazi kwa shida kama mimi; waigizaji wote, mliouawa na mliopona; ndugu wageni waalikwa; na wewe mwongozaji wa filamu, mjukuu wangu niliyekubeba mgongoni na sasa unaniangalia kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka: nawasalimu nyote, kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili, maana huyo ni mwenzangu.

Mshereheshaji amesema nije kutoa maneno machache ya pongezi. Machache sitaweza, na pongezi tutaona. Shule mimi nilipita tu, kama mtu anayekatiza uani kwa jirani, kwa hiyo msitegemee Kiswahili cha vitabuni. Lakini filamu yenu nimeitazama tangu mwanzo mpaka yale majina madogo ya mwisho, bila kusinzia, jambo ambalo Mheshimiwa hapa hawezi kuliapia.

Mnacheka. Chekeni sasa, maana ninakokwenda hakuna kicheko.

Kwa wale wageni ambao hawajui kwa nini bibi kizee kapewa kipaza sauti, nawaambia. Yule mzee wa mstari wa mbele, mwenye koti la kijivu na kofia magotini, ni mume wangu. Kazi yake ni kinyozi. Ninyi mnamwita Bwana Mkesha. Msigeuke wote kwa pamoja, hang'ati.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Zamani, kabla mwongozaji wetu hajazaliwa, mpiga picha mmoja alikuja kunyolewa ndevu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na huku ana povu mashavuni akaeleza taabu yake. Alikuwa anatengeneza filamu ya kutisha, hadithi ya mkesha wa sikukuu, siku ambayo kila mwanamume anataka kichwa safi, na ya kinyozi mmoja anayewamaliza wateja wake taratibu huku mji mzima unatundika mapambo. Hadithi anayo, kamera anayo, ila mwigizaji aliyemleta anashika wembe kama ameshika samaki anayerukaruka. Nilikuwa pale, nashona kwenye cherehani yangu dirishani. Nilisikia kwa masikio yangu.

"Fundi, hebu simama wewe mahali pake."

"Nifanye nini?"

"Nyoa tu."

"Nikunje uso?"

"Usikunje kitu, fundi. Nyoa kama unavyoninyoa mimi hapa."

Basi, mume wangu akanyoa. Hicho ndicho alichofanya katika filamu ile, hakuongeza, hakupunguza. Alifunga kitambaa shingoni kwa mteja, akapaka povu, akanoa wembe kwenye mkanda, akauliza habari za watoto, akauliza mmejiandaaje na sikukuu, na mteja akawa anajibu macho yake yamefumba kwa raha. Kamera haikutoka usoni pa mume wangu. Uso ule ule mnaouona, mpole, wa mtu anayefikiria kazi yake. Kisha mkono unasimama kidogo. Anatazama kwenye kioo. Halafu tunaona kiti kitupu, anakipangusa kwa taulo, anafungua mlango, anawaambia walio kwenye foleni nje, kwa adabu kabisa, "Zamu yako, ndugu. Karibu ndani."

Tone la damu halikuonekana, waheshimiwa. Hata moja. Na siku ilipoonyeshwa hapa hapa, taa ziliwashwa na hakuna aliyenyanyuka kitini. Mume wangu alifurahi sana. Alidhani wamempenda.

Kesho yake asubuhi akafungua kama kawaida, foleni ikaja kama kawaida, kwa sababu sikukuu ilikuwa imekaribia. Yule wa kwanza alikaa vizuri, akapakwa povu, akanyolewa shavu moja. Mume wangu, kwa wema wake, akamuuliza, "Na watoto hawajambo?" Jamani! Mtu alichomoka na kitambaa chetu shingoni. Alikwenda kwenye sherehe ya shemeji yake ana ndevu upande mmoja, na alipoulizwa akasema ni mtindo. Walio kwenye foleni walimwona anavyokimbia, nao wakakumbuka kwamba wana shughuli nyingine. Hawajarudi mpaka leo.

Mnadhani ni mchezo? Kwenu ninyi ulikuwa mchezo. Watoto walikua wakimpigia kelele njiani, "Zamu yako! Zamu yako!", nao wakazaa watoto wakawafundisha hivyo hivyo. Wanawake walivuka upande wa pili wa barabara. Watu wazima, wenye akili zao, wanaojua kabisa kwamba filamu ni filamu, walisema, "Fundi, wewe tunakuheshimu, ila nimezoea kunyoa nyumbani." Mnajua mteja wake aliyedumu alikuwa nani? Kaka yangu mimi, ambaye hakuiona filamu ile kwa sababu alizaliwa haoni. Kila wiki aliletwa, akakaa, akapiga domo, akanyolewa, akajipapasa kidevu na kusema, "Shemeji, mkono wako ni pamba." Mwaka jana tulimzika. Tangu hapo kile kiti hakijakaliwa na mtu, na kila asubuhi mume wangu anafungua mlango, ananoa wembe ambao haujapata kuwa butu, na anafagia sakafu isiyo na unywele.

Nyumba imekula kwa cherehani yangu. Sisemi hilo ili nisifiwe. Nasema kwa sababu kuna waliouliza.

Sasa huyu mjukuu. Huyu, na namsifu mbele yenu, hakukaa akamtazama babu yake akinyauka. Alinijia jikoni, akafunga mlango, akasema, "Bibi, nitaitengeneza upya ile filamu."

Nikamwambia, "Umerukwa na akili? Mara moja haikututosha?"

"Sikiliza, Bibi. Muuaji wangu namvika kinyago. Hana uso, hana wembe, wala si kinyozi. Filamu yangu ikitoka, mtu akisikia muuaji wa mkesha atakiona kile kinyago. Babu atabaki kuwa mzee anayenyoa watu. Watarudi."

"Na wasipokiogopa hicho kinyago chako?"

"Wataogopa, Bibi. Niamini."

Nilimwamini. Nililia hata, nikasingizia kitunguu. Tukamwambia na babu yake, naye siku hiyo hiyo akaenda kununua taulo mpya. Ndugu wageni waalikwa, mnaelewa tulichokuja kutafuta hapa alasiri hii? Hatukuja kuburudika. Tulikuja tukiomba kutishwa. Mimi, katika umri huu, nilikaa kwenye kiti kile nikiomba kimoyomoyo: nitishike, sote tutishike, watu walie, wazimie, wamsahau mume wangu.

Na tumeona nini?

Tumeona jitu limevaa plastiki inayong'aa, limebeba msumeno wa mota. Msumeno unaunguruma tangu liko barabara ya tatu, na msichana yuko sebuleni, mlango wazi, anauliza, "Nani huyo?" Binti yangu, hata mimi na magoti haya ningekuwa nimeshafika nyumbani, nimevua viatu! Yeye akapanda juu ghorofani. Kufanya nini? Damu mmemwaga kwa ndoo, na rangi yake ni ile tuliyopakia mlango wa choo. Watu wanakufa kabla hatujajua ni watoto wa nani. Yule mwenye shati la maua alikatwa vipande nami nikabaki nauliza, hivi huyu ndiye aliyekuwa anapamba, au ni mwingine? Kila linapokaribia jambo la kushtua, ngoma zinapigwa kwanza, kama mtu anayebisha hodi: jiandaeni, tunakuja kuwatisha. Kijana aliyekaa nyuma yangu alipokea simu katikati ya mauaji. "Niko sinema," anasema. "Aa, wapi, haitishi. Njoo tu, na ulete bisi." Na wewe, Mheshimiwa, samahani, ulikoroma pale anapochinjwa meya.

Ukumbi mzima ulicheka. Nilikuwa nawahesabia vicheko kimoja kimoja, na kila kicheko kilikuwa kinamrudisha mume wangu pale pale mlipomweka.

Mjukuu wangu, usiiname, nitazame. Taa zako nzuri. Nguo za waigizaji zimekaa vizuri, na hilo nalijua mimi. Umejitahidi na umekonda. Lakini kazi uliyojitwika ilikuwa moja: uwatie watu hofu kubwa kuliko ile ya zamani. Ungetutisha leo, ungemwokoa babu yako. Hukututisha. Kinyago chako kitakuwa kimesahaulika kabla watu hawajafika kituo cha basi, na uso wa babu yako utabaki peke yake, kwa sababu umetukumbusha tu jinsi ile ya kwanza ilivyokuwa. Pale nje, wakati wa soda, sikusikia mtu anazungumzia msumeno. Nilisikia, "Unaikumbuka ya zamani? Pale anapokipangusa kiti?" Na wote wakatikisa kichwa, tena kwa utamu.

Na hebu niulize, maana nimeshaanza: nywele hizo ulizokuja nazo mbele ya wageni, umekatwa wapi? Usijibu, naujua mlango. Ni kule kwa vijana wenye mashine. Uliniambia Babu hajui mitindo ya sasa. Sawa. Ila wewe ulikuwa mdogo ulipoiona ile filamu, ulijificha ndani ya gauni langu, na tangu siku hiyo babu yako hajagusa kichwa chako. Ulidhani sijui?

Kesho ni mkesha wa sikukuu. Mume wangu atafungua. Taulo mpya zipo, kioo nimekifuta mwenyewe, na mkono wake ni ule ule. Mwangalieni kidevu chake alivyojinyoa leo, hata mkwaruzo hakuna. Sikumwambia kwamba nitasema haya. Lakini nimechoka kukaa dirishani natazama mlango pamoja naye, kwa hiyo nitawauliza ninyi wenyewe, uso kwa uso.

Nani kati yenu atakuja kesho, akae kwenye kile kiti, afumbe macho, ampe mume wangu shingo yake?

Nyosheni mkono. Nitasubiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nianze na wewe, maana ndiye mkubwa wetu. Ulipooa, alikunyoa nani? Ni yeye. Ulisema mwenyewe kwamba hujapata kunyolewa vile. Kesho je? Naona unalegeza tai. Nimeuliza habari ya kesho, baba, sikuuliza habari ya joto.

Ndugu mwenye ukumbi? Wewe utakuwa na shughuli. Waigizaji? Ninyi mmekatwa kwa msumeno mchana kutwa mkainuka mkaenda kula. Wembe wa mzee mmoja unawashinda? Wewe mwenye simu, wa bisi, uliyesema haitishi? Mbona sasa umeificha shingo ndani ya kola?

Mjukuu wangu?

Mkono wako umefika begani ukarudi. Nimeuona. Hata babu yako ameuona.

Sikilizeni ukumbi ulivyo kimya. Tangu tuingie humu hakujawa na kimya kama hiki. Filamu nzima mmetafuna, mmecheka, mmepokea simu, na swali moja la kikongwe limewafanya msahau hata kutafuna. Mnaogopa nini? Mzee mwenye kofia magotini? Haya, kama kulikuwa na mtu aliyekuja hapa kumtafuta mwigizaji bora, ndiye yule. Hakuna atakayemfikia, wala mwenye kinyago, wala atakayekuja baadaye. Nilitamani sana leo mtu amshinde. Nilitamani kuliko nilivyowahi kutamani chochote katika ndoa yangu.

Mume wangu, inuka, vaa kofia yako, twende. Kesho lala mpaka uchoke. Sitakuamsha kufungua mlango.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu wageni waalikwa, nawashukuru kwa kunialika na kwa kunivumilia mpaka mwisho. Asanteni kwa kunisikiliza. Na ninyi mliokaa pembeni ya njia, msivute miguu ndani namna hiyo. Anapita tu, anakwenda nyumbani.