Ubeti Mmoja kwa Lugha Mbili: Maisha ya Mwalimu Tena

Ndugu, jirani na wanafunzi mliofika, wengi wenu mlimjua marehemu kwa jina la Mwalimu Tena. Ubeti ukisomwa vibaya alisema "tena", na ukisomwa vizuri alisema "tena". Wasifu huu unasomwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyemtania tangu siku ya posa na ambaye leo hana wa kumtania.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baiskeli ya baba yake. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yake alipiga pasi nguo za watu, na alikuwa na maneno ya kumtosha kila mteja, mpole na mkorofi. Lugha ya nyumbani marehemu aliinyonya hapo, kati ya harufu ya grisi na mvuke wa pasi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955 na sekondari mwaka 1963. Habari ya kusoma Kisanskriti, lugha ya kale ambayo wenzake waliikimbia, yeye mwenyewe aliisimulia bila aibu. Darasa lile lilikuwa na feni inayozunguka, na madarasa mengine hayakuwa nayo. Alifuata upepo, akakuta lugha. Mwalimu wake, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsomea ubeti wa kwanza, naye akasahau joto. Alihitimu chuo kikuu mwaka 1971.

Januari 1972 alianza kufundisha katika shule ya sekondari aliyoitumikia hadi alipostaafu, Desemba 2008. Miaka ya mwanzo, tuseme ukweli, alivimba kichwa. Lugha ya mama hakuitaka darasani kwake. Aliwataka wanafunzi waiache mlangoni pamoja na miavuli. Vijana walighani kurasa nzima bila kukwama, na ukiwauliza maana walitazama dari.

Tarehe 20 Agosti 1975 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuja shuleni kupima wanafunzi sare. Mwalimu mzima alijipanga foleni na watoto ili naye apimwe, na fundi, bila kucheka, akampima mabega. Mungu aliwajalia binti, kisha mtoto wa kiume.

Binti alipozaliwa, mwaka 1977, alikuwa mtoto wa kulia asikwambie mtu. Jioni moja baba alimbeba akimghania beti za kale, na kadiri alivyoghani ndivyo mtoto alivyozidi kupasua koo. Mama mtu, kichwa akiwa ameinamia cherehani, alimwambia, "Mwalimu, huyu hajui unaongea na nani. Mwambie hayo hayo kwa lugha yetu." Akamwambia. Mtoto akanyamaza, na baba akabaki amesimama katikati ya chumba, kwa sababu na yeye, kwa mara ya kwanza, alikuwa amesikia ubeti ule unasema nini.

Kuanzia wiki ile darasa lake lilibadilika. Ubeti ulisomwa kwa Kisanskriti, kila sauti mahali pake, na papo hapo wanafunzi wote waliuliza kwa pamoja, "Na nyumbani?" Hapo mwalimu, au yeyote aliyenyooshewa kidole, alisema jambo lile lile kama ambavyo lingesemwa jikoni kwao. Hakuna ubeti uliopita bila swali hilo. Wenye kuitukuza lugha ya kale walimlaumu kuwa anaishusha. Wenye kuipenda lugha ya nyumbani walimuuliza anahangaika na maiti ya nini. Aliwajibu wote kwa sauti ile ile: "Nina mama na nina bibi. Nani kawaambia nichague?" Baada ya kustaafu alihamishia darasa sebuleni kwake, na mkewe akawa anashona huku anasikiliza, mwaka baada ya mwaka.

Tarehe 14 Juni 2021, akinyoa ndevu, marehemu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yakamkauka kabisa. Siku alipofungua kinywa tena hospitalini, sote tulikuwepo, roho juu. Kilichotoka kilikuwa ubeti wa Kisanskriti, mzima, haukukwama popote. Watu walishangilia. Mkewe alitoka nje ya wodi, na mdogo wake alipomfuata alimkuta ameegemea ukuta wa korido.

"Amerudi," alisema, "lakini hakurudi kwangu."

Binti yao, ambaye ni muuguzi, alimweleza kwamba mambo yaliyohifadhiwa kwa moyo huwa yanasalimika hata maneno ya kawaida yakipotea, na kwamba baba hakuchagua. Mama alielewa kichwani, moyoni aliumia. Nyumbani mgonjwa alitaka maji, ukatoka ubeti. Alitaka dirisha lifungwe, ubeti. Akawa analia kwa hasira, na mke naye analia jikoni ili asionekane. Alichoomba ni kimoja tu, kwamba mumewe aongee naye kwa lugha yao kabla kifo hakijawatenganisha.

Hali ilikwenda hivyo hadi Septemba. Mchana mmoja mke alikuwa anapindisha pindo la sketi, na mume, kitini pake, akaghani ubeti wa mtu anayeita mwenzake mvua inapokaribia. Mke alikuwa amechoka. Bila kuinua macho, akamuuliza kama wanafunzi, "Na nyumbani?"

Mume akajibu polepole, kwa lugha yao: "Mvua inakuja. Ingia ndani."

Mke alijichoma sindano na hakuhisi. Tangu hapo ndiyo ikawa dawa yao kila siku: ubeti, kisha swali, kisha jibu. Mtaalamu wa matamshi alipoambiwa alicheka, akawataka wasiache. Majibu yalianza kurefuka na kutoka nje ya beti. Akaweza kuomba chai, akaweza kulalamika kuwa chai ni nyepesi, na kufikia Krismasi alishaanza tena kumchokoza shemeji yake. Familia inashukuru kwa kila neno la miaka ile miwili na ushei. Inazishukuru lugha zote mbili, ile iliyomshikilia alipokuwa anaporomoka na ile iliyompokea.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 moyo wake ulidhoofika. Asubuhi ya tarehe 2 Februari mkewe alimpangusa uso, akakaa kando yake akisubiri ubeti. Hakuusikia. Mwalimu alimtazama, akasema kwa lugha yao, bila kuulizwa, "Nimeishi vizuri na wewe." Aliaga dunia kabla ya saa sita mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Marehemu ameacha mjane, binti na mwana, wajukuu wanne, dada mmoja, shemeji mwenye mdomo mrefu, na wanafunzi wengi wanaofundisha leo. Tunakushukuru, Mwalimu. Mwenyezi Mungu akupe pumziko lenye utulivu.