Pa Kumwacha Mbwa

Tangu basi litoke Mwanakwerekwe, Saadiya hakutulia kitini. Kesho anaanza kazi hotelini, na mbwa aliyeachiwa na tajiri wake wa zamani, Mzungu, hana pa kushinda. Mkubwa, abiria aliyejuana naye humo basini, analea mbwa sita wa wageni uani kwake Paje, na sifa anajipa mwenyewe kuwa hata mmoja hajamgusa.

“Ijumaa ukenda msikitini, bwana, nani anawatazama?” Saadiya aliuliza.

“Nnawafungia chumba kimoja.”

“Wakiumana? Na wangu akiugua utajuaje, nawe humgusi?”

“Kwani wewe Bi Saadiya unamgusa? Akikulamba?”

“Nnakosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka.”

“Kila siku?”

Basi likasimama. Saadiya aliificha ndani ya buibui mikono yake iliyochanikachanika kwa kukoshwa, akateremka.