Fundi Watson na Mbao za Mita Tano

Wapendwa mliopanda kilima hiki kumsindikiza, marehemu Watson Gwalugano alizaliwa tarehe 14 Juni 1956 hapa Ibaba, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, akajifunza useremala Mbeya hadi 1975, akafunga ndoa na Loisi tarehe 6 Oktoba 1984, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lwitiko na Tumpale.

Mwaka 1995 kamati ya ujenzi wa shule ya jirani ilimpa kazi ya kuezeka darasa, naye, kwa kuwa nusu ya upana wa jengo ilikuwa mita nne na kimo cha paa mita tatu, alichora pembetatu yenye pembe mraba, akazidisha nne kwa nne akapata kumi na sita, tatu kwa tatu akapata tisa, akajumlisha ishirini na tano, akatafuta kipeuo chake cha pili, akawaambia kila mbao ya mteremko iwe mita tano, ukiacha upenu. Kamati ikaleta za mita nne na nusu.

“Unga tu, Fundi, mvua haisubiri hesabu,” alisema mwenyekiti.

“Mbao ikiungwa hapo, itavunjikia hapo,” alijibu marehemu, akakusanya vyombo vyake, na kazi akapewa mwingine.

Jumanne tarehe 11 Machi 1997, kwa upepo wa mvua, mbao zilikatikia kwenye viungo, paa likawashukia wanafunzi, na Tumpale, binti yake wa miaka minane, akatolewa chini ya mabati akiwa amefariki. Kamati iliandika kwamba fundi wa kwanza alikosea vipimo, akawekwa mahabusu siku ishirini na moja, akaachiwa bila kesi wala kuombwa radhi.

Tangu hapo hakuna aliyemwita kuezeka, hivyo mwaka 1998 alihamia Tunduma kutengeneza milango na vitanda, lakini kila mwaka alirudi wilayani na karatasi ya hesabu yake, akiomba mtu mmoja tu aisome, akaambiwa aiache mezani. Loisi alipomsihi aache, alimjibu, “Nikinyamaza, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ndiye niliyemuua.”

Aliugua figo kuanzia Januari 2013, akafariki tarehe 3 Agosti 2014.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Tunduma, na mafundi wenzake waliomchongea jeneza. Nanyi wajumbe wa kamati mliofika na shada, tumewaona na tumelipokea, ila mwenye haki ya kuwasamehe ni huyu tunayemzika, na hamkumwomba alipokuwa anasikia.

Pumzika, Fundi, kwa amani uliyonyimwa.