Klavdia Yermolayevna Shubina, Aliyerudi Kutoa Ushahidi

Marehemu Klavdia Yermolayevna Shubina alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 hapa Zaluzhsk, mkoa wa Arkhangelsk, mtoto wa pili wa Yermolai Shubin, fundi wa reli, na Bi. Anfisa, mpishi wa shule. Alisoma hapa hapa mjini, kisha akahitimu shahada ya historia Arkhangelsk mwaka 1989. Alirudi kufundisha chuoni kwetu.

Mwaka 1993 aliolewa na Gennady Porotov, dereva wa treni. Walikutana kwenye foleni ya mkate. Jamaa mmoja alijipenyeza mbele, Klavdia akamkaripia: “We baba, sisi hapa magogo?” Jamaa huyo ndiye Gennady. Alirudi nyuma ya foleni, akamngoja mlangoni. Walijaliwa binti mmoja, Ustinya.

Kuanzia mwaka 2009, kila alipomaliza vipindi, marehemu alikwenda kuwasikiliza watu waliopigwa na polisi mahabusu na kuandika simulizi zao. Jana mtu wa manispaa alitupigia simu akatuomba tusiitaje kazi hiyo makaburini. Tunaitaja.

Septemba 2021 chuo kikuu kimoja cha Uholanzi kilimwalika kwa miezi tisa, katika ufadhili wa watafiti wa haki za binadamu kutoka Urusi. Alipewa chumba, maktaba na utulivu wa kuandika. Lakini Aprili habari zikamfikia kwamba Pelageya Sivkova, mama aliyemsimulia jinsi mwanawe alivyovunjwa mbavu, ameshtakiwa kwa kuwasingizia polisi.

Ustinya alimsihi kwa simu: “Mama, baki huko huko! Ukirudi watakumeza.”

“Ustya, yule mama alifungua mdomo kwa sababu mimi nilimwambia asiogope. Leo nijifiche nyuma ya vitabu?”

“Basi andika barua.”

“Barua haiulizwi maswali, mwanangu. Mimi nitaulizwa, na nitajibu.”

Alirudi Mei 2022, akasimama kizimbani kama shahidi saa nzima. Pelageya, aliyekuwa akingoja kifungo, alitoka na faini. Leo yuko nasi, mstari wa mbele.

Gharama aliilipa Klavdia. Ule ufadhili wa kusoma na kuandika uliitwa pesa za maadui. Akabandikwa jina la wakala wa kigeni, chuo kikamfukuza, na wenzake wa miaka mingi wakawa wakimwona wanavuka barabara. Januari 2023 alikamatwa.

Marehemu alikuwa na kisukari tangu ujana. Ustinya alipeleka insulini mahabusu kila asubuhi, na kila asubuhi askari wa dirisha la mapokezi aliirudisha.

“Daktari hajasaini.”

“Daktari yuko wapi?”

“Likizo.”

“Na kisukari cha mama yangu nacho kiko likizo?”

Dirisha likafungwa. Klavdia alifariki tarehe 9 Februari 2023. Cheti kinasema alikufa kwa ugonjwa. Familia inakataa. Kisukari ni ugonjwa. Kunyimwa dawa si ugonjwa, ni kitendo, na waliokitenda wana majina.

Tangu asubuhi wengine mmenong’ona: kwani alirudi kufanya nini? Aliirudia nyumba yake. Waulizeni waliomgeuzia nyumba hiyo kuwa mtego.

Ameacha mume, Gennady, binti, Ustinya, kaka, Savely, anayesoma wasifu huu, na mjukuu, Glafira, anayejifunza kutembea.

Klavdia apumzike kwa amani. Waliorudisha dawa yake dirishani wasipumzike mpaka wajibu.